Jina la mzigo: kisa cha sumu iliyozama na meli ya abiria huko Sibuyan, Ufilipino

Baba yangu alikuwa akipulizia kahawa kwa Thiodan. Shamba letu liko Mbozi, wakati huo bado ni Mkoa wa Mbeya, na adui alikuwa ruhuka, yule mdudu mdogo mweusi anayetoboa tunda la kahawa na kuzaliana ndani ya punje. Mzee alikoroga dawa ndooni kwa kijiti, akajaza bomba la mgongoni, akaingia shambani na shati la mikono mirefu na kofia ya pama, basi. Jioni mama alimwekea bilauri mbili za maziwa "yavunje makali". Nilikuja kujua baadaye sana, nikiwa tayari na duka langu la pembejeo hapa Mbalizi, kwamba yale maziwa yalikuwa upande wa dawa. Kiambato cha Thiodan ni endosalfani, ambayo maji haiyapendi lakini mafuta inayapenda, na kilichomezwa kikikuta mafuta ya maziwa tumboni huingia mwilini haraka zaidi.

Juni 2008, tani 10 za endosalfani hiyohiyo zilizama na meli ya abiria Ufilipino. Kisa hiki huwasimulia vijana wanaokuja kujifunza kazi dukani kwangu, na huwa naona wanasubiri nifike kwenye mawimbi. Kweli mawimbi yapo, lakini kilichonifanya nikishikilie miaka yote hii ni karatasi.

Meli iliitwa Princess of the Stars. Ilijengwa Japani mwaka 1984, ina tani zaidi ya 23,000, feri kubwa yenye ghorofa, ya kubeba watu na magari na makontena kwa pamoja. Jioni ya tarehe 20 Juni iliondoka Manila kwenda Cebu ikiwa na watu zaidi ya 800. Tufani Fengshen, ambayo Wafilipino waliipa jina la Frank, ilikuwa inakuja. Ukubwa wa meli ndio ulioiruhusu kuondoka, kwa kuwa vyombo vidogo vilizuiwa bandarini lakini hiyo ilionekana inaweza kuhimili. Tufani ikageuza njia. Mchana wa tarehe 21, karibu na kisiwa cha Sibuyan katika jimbo la Romblon, meli ililala ubavu, kisha ikapinduka kabisa. Walionusurika hawakufika 60.

Picha iliyozunguka duniani ilikuwa ya tumbo la meli likiwa juu, limejitokeza majini kama mgongo wa kiboko. Sehemu iliyobaki ilikuwa chini, kichwa chini miguu juu, na miili mingi ikiwa bado imefungiwa humo. Wapiga mbizi wa jeshi la majini na walinzi wa pwani walianza kuingia. Walikuwa wanapapasa kwenye korido zenye giza, dari ikiwa chini ya miguu yao, wakiwatoa waliofariki mmojammoja.

Waliingia hivyo kwa siku kadhaa. Tarehe 27 Juni kazi ikasimamishwa ghafla, kwa kuwa ndipo ilipotangazwa kwamba ndani ya meli kuna kontena la futi 40 lenye endosalfani, katoni 400 za kilo 25 kila moja, likielekea kwenye mashamba ya mananasi ya Del Monte kisiwani Mindanao.

Hesabu siku. Kuanzia tarehe 21 hadi 27, watu waliokuwa wanaogelea ndani ya meli ile hawakujua wanaogelea na nini. Familia zilizokaa ufukweni kusubiri miili hazikujua. Wavuvi wa Sibuyan hawakujua. Na bado kulikuwa na kingine: baada ya hapo ikajulikana kwamba ndani ya meli kulikuwa na viuatilifu vya kampuni nyingine pia, miongoni mwao Tamaron, ambayo kiambato chake ni methamidofosi, na dawa ya chengachenga yenye kabofurani, ambayo wakulima wa huku kwetu wanaijua kwa jina la Furadani. Yaani orodha ilikuwa inakamilika kadiri watu walivyozidi kuulizwa, si kadiri ilivyoandikwa siku ya kupakia.

Hapo kukawa na mvutano ambao kila mfanyabiashara wa dawa anaufahamu. Mwenye meli alisema hakuambiwa kuwa ule mzigo ni sumu. Mwenye mzigo alisema nyaraka zilieleza. Sitaamua hapa nani mkweli. Ninachokiona ni kwamba mzigo wa namna ile unapopanda meli unatakiwa kutangazwa kwa jina lake, daraja lake na namba yake ya Umoja wa Mataifa. Kiuatilifu kigumu cha jamii ya endosalfani ni namba 2761, daraja 6.1, sumu, na juu yake inaongezwa alama ya kichafuzi cha bahari. Hizo ni kanuni za IMDG, yaani za kusafirisha mizigo hatari kwa meli, za Shirika la Kimataifa la Bahari, na zimewekwa ili nahodha ajue apange wapi, na meli ikizama, anayekuja kuokoa ajue avae nini. Namba ile ina tarakimu nne tu. Kama ingekuwa mikononi mwa mkuu wa wapiga mbizi asubuhi ya tarehe 22, mengine yote yangekwenda vingine.

Sasa tuitazame dawa yenyewe, maana watu wakisikia tani 10 baharini huwa na maoni mawili: ama bahari ni kubwa itazimeza, ama samaki wote wamekwisha. Yote mawili ni ya haraka mno.

Endosalfani huyeyuka kidogo sana majini, chini ya miligramu moja kwa lita. Ikimwagika haitawanyiki kama chumvi. Nyingi hushuka, hushikamana na tope, hukaa. Lakini hicho kidogo kinachoyeyuka kinatosha. Kwa samaki ni miongoni mwa viuatilifu vikali zaidi vilivyowahi kuuzwa. Trauti hufa kwenye kiwango cha mikrogramu moja hivi kwa lita. Nilikaa siku moja kaunta, mvua inanyesha, hakuna mteja, nikapiga hesabu nyuma ya kitabu cha risiti. Tuseme si endosalfani tupu, ni dawa iliyochanganywa asilimia 35 kama Thiodan ya mzee. Hiyo ni tani tatu na nusu za kiambato. Kuifikisha kwenye mikrogramu moja kwa lita unahitaji kilometa za ujazo 3.5 za maji. Bwawa la Mtera likijaa pomoni linashika kama kilometa za ujazo 3.2. Kwa hiyo katoni 400, mzigo ambao vijana wa stendi ya Mwanjelwa wanaweza kuushusha kwa siku moja, zingeweza, kwenye karatasi, kulifanya Bwawa zima la Mtera lisikalike na trauti. Bahari ya Sibuyan si bwawa, ina mikondo, na hesabu yangu ni ya kaunta. Lakini sasa unaelewa kwa nini serikali ilizuia uvuvi eneo lile.

Uvuvi ulizuiwa, na hata usingezuiwa samaki asingenunuliwa. Watu walikuwa wanawaza miili, kisha wakaongezewa sumu. Soko halikusubiri maabara. Vipimo vya maji vilichukuliwa, wataalamu wa Umoja wa Mataifa na wa Umoja wa Ulaya wakafika, na havikuonyesha kwamba dawa inavuja. Kontena lilikuwa limeshika, katoni zilikuwa zimeshika. Mvuvi wa Sibuyan alikuwa na majibu safi ya maabara na samaki asiyeuzika.

Kazi ya kuitoa haikuanza mara moja. Nani alipe, nani apewe kazi, meli itobolewe wapi, mafuta ya injini yatoke kwanza au sumu itoke kwanza. Na wakati wote huo msimu wa tufani unaendelea. Julai ikapita, Agosti ikapita. Mwanzoni mwa Oktoba ndipo wapiga mbizi wa kampuni ya uokoaji walipoitoa endosalfani, na baada yake mafuta, na kazi ya kuwatoa marehemu ikapata kuendelea. Zaidi ya miezi mitatu tangu kuzama. Familia zilisubiri miili muda wote huo kwa sababu ya katoni.

Wanaosimulia hufikia hapa wakawasifu wapiga mbizi, nao wanastahili. Mimi nawaambia vijana wangu watazame mambo ambayo hakuna mtu aliyeyapanga. Meli ilipinduka kwenye maji ya kina kifupi, hata tumbo likabaki nje. Dawa ilikuwa yabisi ndani ya katoni, si kimiminika kwenye madumu. Katoni zilikuwa ndani ya kontena la chuma, na chuma hakikupasuka. Ondoa mojawapo kati ya hayo na kisa kinabadilika chote. Julai 1974, meli ya Yugoslavia iitwayo Cavtat iligongana na nyingine karibu na Otranto, kusini mwa Italia, ikashuka hadi meta 94 ikiwa na mapipa zaidi ya 900 ya kemikali ya risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli. Ilichukua karibu miaka mitatu kabla kazi ya kuyatoa haijaanza, na ilianza kwa amri ya hakimu wa pale. Mwaka mzima, 1977 hadi 1978, wapiga mbizi wakiishi ndani ya chumba cha shinikizo kwa zamu. Walitoa zaidi ya tisa ya kumi ya shehena. Meta 94 tu.

Sasa shuka nami Kyela. Ziwa Nyasa lina kina cha takriban meta 700, na upande wa milima ya Livingstone ufuko hauna subira: simama Matema, tazama jinsi mlima unavyoingia majini, na ujue unaendelea hivyohivyo chini. Meli ya MV Mbeya II inabeba abiria 200 na mizigo tani 200, jambo zuri na lililosubiriwa, maana Lupingu, Manda na Liuli zinaitegemea njia ya maji. Pembeni yake yako mashua ya mbao yenye injini, ambayo yanabeba chochote kinacholipa nauli: mchele, sabuni, mabati, kuku, mbolea, na dawa. Nimeuza dawa inayoishia Lupingu. Sijawahi kumuuliza mteja inafikaje.

Katoni ikianguka pale, hakuna kampuni ya uokoaji itakayopigiwa simu. Chini ya meta 250 hivi maji ya ziwa hayana oksijeni, na maji ya chini na ya juu hayachanganyiki kwa urahisi. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Shire, upande wa Malawi. Yaani kinachoingia Nyasa kinakaa na wajukuu. Na ziwa hilo lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, achilia mbali usipa anaokaushwa mchangani na kufika hadi sokoni kwetu Mbalizi.

Barabarani hali ni afadhali, walau kwa malori. Barabara ya TANZAM inapitisha salfa na kemikali nyingine za migodi ya Zambia na Kongo kila siku, na lori likianguka Kitonga au Mlima Nyoka unakuta ubavuni kuna bango la rangi lenye namba. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapa Mbeya, na namba ile mtu wa ofisi hiyo anaisoma akiwa mbali, kabla hajakanyaga. Mimi tatizo langu halipo kwenye malori. Lipo kwenye buti la Kosta.

Hili linanihusu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimtumia mwenye duka mmoja wa Kyela katoni moja, chupa 12 za lita moja, dawa ya wadudu ya profenofosi. Katoni ina fuvu, na imeandikwa waziwazi isisafirishwe pamoja na chakula. Konda akikuona nalo anakataa, au anadai mara tatu ya bei. Kwa hiyo nililitia ndani ya katoni la biskuti, nikafunga kamba. Konda, kijana mwembamba mwenye kofia ya Mbeya City, akafungua kitabu cha risiti.

"Bosi, humu mna nini?"

"Vifaa."

Akaandika Vifaa, nikalipa elfu tatu, gari ikaondoka.

Kwenye kona za Kiwira gunia la viazi la mama mmoja aliyekuwa anatokea Uyole lililalia katoni. Kizibo cha chupa kikapasuka. Harufu ya profenofosi, kama umewahi kuifungua unaijua, ni ya kitunguu saumu kilichooza. Walipofika Tukuyu abiria walikuwa wameteremka wenyewe. Konda akafungua buti, akatoa katoni kwa mikono, akajaribu kufuta majimaji kwa fulana yake, kisha akaivaa tena kwa sababu hakuwa na nyingine. Baada ya muda akaanza kutoka jasho na mate, akatapika. Wakampeleka hospitali.

Daktari aliuliza swali moja: ni dawa gani? Hilo si swali la udadisi. Profenofosi inakamata neva kwa namna ambayo sindano ya atropini inasaidia. Endosalfani ya mzee wangu nayo inakamata neva, mtu anapata degedege, lakini atropini haiifai kitu, na haina kiuasumu chake maalumu. Unatuliza degedege na kumlinda mgonjwa apumue. Dawa mbili, zote zinaitwa dawa ya wadudu, zote zinauzwa kaunta moja, na matibabu hayafanani. Dereva akatoa kitabu cha risiti. Kimeandikwa Vifaa. Katoni lenyewe lilikuwa limetupwa mtaroni, na juu yake kulikuwa na picha ya biskuti.

Namba yangu ya simu ilikuwa kwenye risiti. Simu yangu ilikuwa inachajiwa kwa fundi wa jirani kwa kuwa umeme dukani ulikuwa umekatika. Nilipoipokea ilikuwa ni mara ya saba kupigwa.

"Bosi, daktari anauliza zile ni dawa gani."

Nikamtajia, herufi kwa herufi. Nasikia walikuwa wameshaanza kumtibu kwa dalili walizoziona, na daktari alikuwa ameshakisia vizuri. Kijana alilazwa siku tatu, akapona. Nililipia matibabu, nikalipia na viazi, ambavyo yule mama alitaka kwenda navyo hivyohivyo, anasema ataviosha. Tulibishana naye stendi kwa simu hadi akakubali vifukiwe.

Ndiyo maana kisa cha Sibuyan sikisomi kama mambo ya Wafilipino. Siku zile sita kati ya kuzama na kutangazwa, mimi nilizipata kwa saa moja na nusu, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa neno moja.

Endosalfani yenyewe ilikuja kuondolewa. Aprili 2011 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, wa kudhibiti kemikali za sumu zinazodumu, ambao Tanzania imo, ziliiingiza kwenye orodha ya kemikali za kutokomezwa, ikiwa na nafasi chache za matumizi ya muda. Msukumo mkubwa ulitokea India, kwenye mashamba ya korosho ya Kasaragod jimboni Kerala, yaliyokuwa yakinyunyiziwa kwa ndege kwa miaka zaidi ya ishirini juu ya vichwa vya watu. Mzee wangu aliacha kuitumia kabla ya hapo, si kwa mkataba, ilipanda bei.

Siku hizi duka langu lina utaratibu. Kila katoni inayosafiri ina karatasi mbili, moja ndani na moja nje, zenye jina la kiambato, si jina la biashara tu, na namba mbili za simu. Napeleka kwa pikapu ya mizigo mara moja kwa wiki pamoja na wenye maduka wengine watatu, hakuna abiria, hakuna viazi. Ni ghali, na wateja wa mbali wananinung'unikia kwa kuchelewa.

Wiki iliyopita mteja wa Kyela alikuwa na haraka, viwavi wameingia kwenye mahindi, hawezi kusubiri Alhamisi. Nikaenda stendi kuulizia kama kuna gari lenye keria ya juu. Makonda wawili waliona fuvu wakageuka. Wa tatu akanivuta pembeni, akafungua kitabu chake, akaweka kalamu kwenye ule mstari mdogo unaotosha neno moja.

"Mzee," akasema, "wewe niambie tu niandike vifaa."

Nikarudi na katoni langu.